Tonton, Antena Imeingia

Tonton,

Jana Maman Béa alivua nguo nyeusi. Kina mama wa Likasi walimwingiza kwenye chumba kidogo nyuma ya ukumbi, ule ukumbi wa Saint-Josse, hapa Brussels, ulio juu ya duka la vitambaa, wakafunga mlango, na sisi tuliobaki nje tukasikia wanacheka. Nilidhani watalia. Kumbe walikuwa wanabishana namna ya kumfunga kilemba. Alipotoka alikuwa amevaa kikwembe, kile kitenge chenu, cha rangi ya machungwa chenye maua ya kijani makubwa kama sahani, na viatu vya visigino ambavyo anasema ulimkataza miaka yote kwa sababu vilimfanya akuzidi urefu. Alisimama mlangoni, mjane wako, akatuangalia wote, akasema, "Bon. Njo basi. Tukule."

Kwa hiyo kilio chako kimekwisha. Ninyi watu wa Katanga mnajua kukifunga. Kwetu Upareni tungeimba nyimbo za kitabuni, tungekula wali, na kila mtu angerudi kwake jua likiwa bado juu. Jana kulikuwa na bukari, ule ugali wenu, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga, kuku wa pilipili, na rumba iliyoanza mchana na haikuonyesha dalili ya kuchoka. Mume wangu Elia, ambaye unajua hachezi hata akiwa peke yake chumbani, alivutwa katikati na shemeji yako, akazungushwa mpaka miwani ikamdondoka.

Halafu mshereheshaji akaniita niseme machache, kwa kuwa tulifanya kazi pamoja. "Sifu, weye ulitumika na yeye miaka mingi. Kuya useme kiloko."

Nilikuwa nimejiandaa, Tonton. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, ya heshima, yenye mwanzo na mwisho. Nilipokishika kipaza sauti nikaiona picha yako ukutani, ile uliyopigwa ukiwa umekunja uso kwa sababu mpiga picha alikuwa anachelewa, na maneno yote yakanitoka. Nikasema, "Tonton, antena imeingia." Nikashindwa kuendelea.

Kisha mtu mmoja akasema "Amen," wakapiga makofi kwa heshima, na muziki ukarudi. Baadaye baba mmoja mzee, jirani yetu wa Laeken, alinijia na sahani yake mkononi akaniuliza kwa upole kama ningeweza kupita kwake Jumamosi, kwa sababu antena yake ya televisheni haishiki tena chaneli za Kinshasa.

Nimemwambia kwamba Elia atapita. Lakini wewe nataka uipate habari yote, vizuri, kama ilivyokuwa. Ndiyo maana leo Jumapili nimekaa jikoni, Elia bado amelala, mvua inagonga dirisha, na mimi nakuandikia.

Nianzie mbali kidogo, maana huko napapenda.

Nilifika karakana ya Forest, hapahapa Brussels, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, nimetoka chuoni na koti jembamba lisilofaa kwa nchi hii. Luc, bosi wetu, alinileta kwako, mzee ambaye wote pale walikuita Tonton, yaani mjomba, akakueleza kwa Kifaransa kwamba mimi ni Mtanzania, mhandisi, na nitakusaidia kazi ya vipimo. Ulinitazama juu ya miwani. "Unasikiaka Kiswahili?" ukauliza. Nikakujibu jibu refu la furaha, kwamba naam, hiyo ndiyo lugha yangu, na nimefarijika mno kukutana na mzee wangu anayeizungumza huku ugenini. Ulisubiri nimalize.

"Eh," ukasema. "Weye unasemaka sawa muntu ya redio."

Asubuhi hiyohiyo ulikuwa umelala chali chini ya meza ya chuma, miguu tu ikionekana, ukaniita. "Sifu, letea miye ile kintu kiloko." Nikaenda kwenye kabati la zana kutafuta kiloko. Nikapekua droo zote, bisibisi, spana, koleo, kila kitu kimeandikwa jina kwa Kifaransa na Kiholanzi, lakini kiloko hakikuwepo. Nikamuuliza Luc kiloko kinakaa wapi. Luc, ambaye haoni aibu kutojua kitu ila huona aibu kukiri, akapiga magoti na yeye akaanza kutafuta. Ulipotoka chini ya meza ulitukuta wawili tumeinamia droo ya chini kabisa, Luc akisema labda kiko kwenye agizo ambalo halijafika. Ulipoelewa ulicheka mpaka ukashika ukuta. Ulikuwa unataka kile kifaa kidogo tu, ile bisibisi ndogo kuliko zote. Nami nilikuwa sijui kwamba kwenu "kidogo" ni "kiloko."

Nakujulisha kwamba droo ile sasa ina kibandiko kipya. Luc amekiandika kwa mkono wake: KILOKO.

Siku iliyofuata ulinieleza tunafanya nini pale. Ulichukua chaki ukachora sakafuni pete kubwa iliyojipindapinda. Ujerumani, ulisema, wanajenga mtambo wa kuwasha gesi iwe na joto kupita moyo wa jua, ili siku moja joto hilo litoe umeme. Hakuna chuma kinachoweza kuishika gesi ya namna hiyo, kwa hiyo sumaku ndizo zinazoizungusha ndani ya pete, ikielea, bila kugusa ukuta. Sisi kazi yetu ilikuwa antena, kubwa kama friji iliyolazwa, itakayopita kwenye tundu la ukuta wa pete na kuichochea gesi kwa mawimbi ya redio. Uso wake umekunjwa kufuata mkunjo wa gesi. Ikikaa mbali haipashi kitu. Ikikaa karibu mno inaungua.

Nilikuuliza karibu ni karibu kiasi gani. Ukafikiri. "Sawa kucheza slow na binti, na papa yake iko naangalia. Unakuya karibu, karibu kabisa, lakini haugusi."

Mpaka leo ninapowaeleza wageni wanaotutembelea, natumia maneno hayo, na huwa wanaelewa.

Unaikumbuka wiki yangu ya kwanza na mashine ya leza? Inasimama kwa miguu mitatu, kichwa chake kinageuka chenyewe kuifuata gololi ya chuma yenye vioo ndani, inayolingana na ndimu. Ukiiweka gololi juu ya kitu, mashine inakwambia mahali hapo ni wapi, kwa tofauti ndogo kuliko unene wa unywele. Lakini mtu akipita kati, au mkono ukigeuka vibaya, mwale unakatika na unaanza upya. Wewe ulitembea nayo karakana nzima umeiinua mbele ya kifua, tumbo limetangulia, ukipiga hatua za rumba na kuimba chini kwa chini. "Usikate mustari, mwana." Mimi niliukata kila nilipopiga chafya.

Na tuseme ukweli, ulikuwa na kiburi cha namba zako. Luc alipokuuliza kama una uhakika, ulivua miwani taratibu, ukaikunja, ndipo ukajibu. "Luc, namba yangu haiogopaka muntu." Siku niliyokuonyesha kwamba umesoma mhimili mmoja kinyume, ulininunia mpaka saa ya chakula. Kisha ukatoka, ukarudi na pakiti mbili za friti, chipsi za huku, kutoka kile kibanda cha uwanjani, ukaweka moja mbele yangu. Nilikula nikijua nimepata kazi ya kudumu.

Tukaenda Ujerumani pamoja kupima tundu lenyewe. Sijui kama niliwahi kukwambia jinsi nilivyoifurahia safari ile. Kwenye treni ulifungua mkate wa Maman Béa kabla hatujatoka Brussels. Kule walituvalisha ovaroli nyeupe zisizo na mifuko, wakatuvua pete na saa, wakatufungia kila kitu kwa kamba, hata kalamu, hata miwani yako, maana kitu kikidondoka ndani ya pete kinaweza kuharibu kazi ya miaka. Mimi nikatambaa nikaingia. Wewe ukakwama.

Ulrike alikuwa amesimama pale. Ndiye mhandisi anayeamua nani anaingia na nani anatoka, na sikuwa nimemwona akitabasamu tangu tufike. Ulikuwa nusu ndani, nusu nje. Ukasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa rasmi, "Sifu, umwambie huyu maman, tumbo yangu haiko mu plan." Nikamtafsiria kwa Kiingereza. Ulrike akageukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Hatimaye ukaingia. Palikuwa pazuri, Tonton. Chuma kimepinda huku na huku, juu, pembeni, chini ya miguu, kinang'aa, na kila sauti yetu ilizunguka ikaturudia. Ulikaa kwenye sakafu iliyoinama ukaangalia muda mrefu. "Humu hamuna hata mustari moja ya sawa," ukasema. Mtu mwingine angelalamika. Wewe ulikuwa na uso wa mtoto aliyepewa zawadi.

Tulipima kila ukingo. Tulikuta tundu limejikunja milimita chache tofauti na michoro, na hilo halikuwa kosa la mtu, chuma kikichomelewa hujivuta kinavyotaka. Tukarudi Forest, ukatengeneza tundu la mbao lenye mkunjo uleule, tukapitisha antena humo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu ulipenda kuiona inapita. Kisha ukachonga vile vipande vyembamba vya chuma vya kuwekwa chini ya miguu ya reli ya kuipitishia antena, ili antena ikikaa juu yake iinuke na kuinama kama tundu linavyotaka. Unene wa kila kipande ulitoka kwenye namba zako. Ukavigonga muhuri wako mmoja mmoja. Tukasubiri Wajerumani watuite.

Badala yao aliyeita alikuwa daktari.

Sitaandika mengi hapa. Mengi unayajua kuliko mimi. Nilikuja kukuona alasiri moja, jua limeingia mpaka kitandani, nikiwa nimebeba chungwa na sijui la kusema. Ulilichukua chungwa, ukaliweka juu ya meza yako ya magurudumu, likabingirika mpaka ukingoni. Ukalirudisha. Likabingirika tena. "Angalia," ukasema, "nilibaambia. Kitanda iko nainama, na hii meza iko nainama, na banasema ni miye niko na kizunguzungu." Nikatoa simu, nikafungua ile programu ya pima-maji, nikaiweka kwenye chuma cha kitanda. Kweli kilikuwa kimeinama. Muuguzi alikuja kutukuta mimi nimelala tumbo sakafuni nasoma skrini na wewe unaniamuru kutoka juu, "Ongeza kiloko, kiloko, stop," muuguzi mwenyewe akashika mpini wa kitanda akazungusha, na chungwa likatulia. Ulifurahi kupita kiasi. Ulimwambia kwamba sasa wagonjwa wote wa chumba kile watapona. Akacheka, akasema atawaambia madaktari.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyokuona ukicheka. Nashukuru kilikuwa kicheko kile. Ni... basi. Nashukuru.

Sasa habari yenyewe.

Ulrike aliita miezi kadhaa baada ya mazishi. Pete ilikuwa karibu kufungwa, antena iletwe. Tukaenda, mimi na Luc, antena kwenye lori mbele yetu, vipande vyako kwenye sanduku miguuni pangu. Mpango ulikuwa rahisi: kufunga reli, kuweka vipande, kuingiza. Nikaomba nusu siku ya kupima tundu upya.

"Kwa nini?" Ulrike aliuliza. "Herr Kalenga alishapima."

Alilitaja jina lako kwa heshima, kana kwamba hilo lilitosha. Nami nikamwambia ni kawaida yetu kuhakikisha kabla ya kufunga. Ni kawaida kweli. Lakini wewe nakwambia sababu nyingine: nilitaka kuwa mle ndani tena. Nilitaka kuishika gololi mahali tulipokuwa pamoja, nitembee kama ulivyotembea, nisikie sauti ikizunguka. Nilidhani nakwenda kukuaga.

Nikaingia. Nikapima. Nikasoma namba, zikakataa kulingana na zako.

Tundu lilikuwa limeshuka karibu milimita mbili, na limeegemea upande mmoja. Nikadhani nimekosea. Nikahamisha mashine, nikachagua alama nyingine za kuanzia, nikapima tena. Namba zilezile. Nikafuta gololi, nikapumua, nikapima mara nyingine, polepole, bila kuukata mstari hata mara moja. Zilezile, Tonton.

Nikatoka nikakaa juu ya sanduku kwenye korido. Luc alikuja akakaa kando yangu. Kilichokuwa kinaniuma hata si antena. Vipande vyako vilikuwa mle sandukuni, na muhuri wako, na mimi ndiye ningesema haviingii. Hukuwepo kuninunia. Hukuwepo kuvua miwani na kunipinga, na kama ningekuwa nimekosea hakuna ambaye angenionyesha wapi. Nililia kidogo. Luc akanipa leso yake, safi, iliyopigwa pasi. Ndipo nikajua kwamba Luc hupiga pasi leso.

Kisha nikaanza kufikiri kama mtu wa kazi. Tangu tulipopima, walikuwa wameingiza nini mle ndani? Nikamuuliza Ulrike. Akahesabu kwa vidole: vigae vya ukutani vya kuzuia joto, mabomba ya maji ya kupoza, vishikizi vyake, nyaya. Tani na tani za mzigo. Nikamwomba anionyeshe vipimo vya watu wake vya upande mwingine wa pete, kabla ya mzigo na baada yake. Tukavifungua pamoja. Huko nako chuma kilikuwa kimeshuka. Pete nzima ilikuwa imekaa, kama godoro linavyokaa mtu akililalia. Namba zako zilikuwa za kweli. Zilikuwa za kweli kabisa siku ile ulipokaa sakafuni na kufurahi. Mtambo ndio uliosogea.

Sijui nielezeje jinsi nilivyofurahi. Nilitaka kukupigia simu. Niliishika simu, nadhani, kabla sijakumbuka.

Luc aliuliza ingekuwaje kama tungetumia vipande vya zamani. Nikamchorea. Antena ingepita kwa shida, pengine ingekwaruza ukuta, lakini ingepita, na kila mtu angepiga makofi. Kisha siku ya kuwasha mtambo, kona yake moja ingekuwa karibu na gesi kuliko nyingine, na kona hiyo ingeungua. Ilikuwa lazima kuchonga vipande vipya, na vikichongwa, watu wote waliokuwa kwenye foleni ya kuingia ndani ya pete wangetusubiri sisi. Uamuzi ulikuwa wa Ulrike. Alitazama mchoro wangu, akatazama sanduku lako.

"Una uhakika?" akaniuliza.

Tonton, mkono wangu ulipanda usoni kuvua miwani. Mimi sivai miwani. Niliushusha mkono nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mzee wangu alinifundisha kuwa na namba isiyoogopa mtu, na kwamba hii haiogopi. Haiogopi hata namba yake yeye. Ulrike akatikisa kichwa kukubali. Akaenda kuwaambia wengine wasubiri.

Walichonga vipande kwenye karakana yao usiku na mchana. Nilivipima kimoja kimoja kabla ya kuvikubali, na viwili nikavirudisha, na fundi akaninunia, nikajisikia nyumbani. Siku ya kuingiza, watu walikuja kutazama ambao hawakuwa na kazi pale. Winchi ikaanza kuvuta. Antena ikasogea juu ya reli, taratibu kama ng'ombe anayeingia zizi asilolijua. Mimi nilikuwa kwenye skrini, gololi imekaa kwenye pua ya antena, nasoma. Ilipofika mdomoni mwa tundu, nafasi ya kulia na ya kushoto zilikuwa sawa. Ikaendelea. Bado sawa. Winchi iliposimama, fundi alichukua kipande chembamba cha kupimia upenyo, akakipitisha juu, chini, kulia, kushoto, na kote kilipita kwa ugumu uleule. Akageuka akaninyanyulia dole gumba, na hakuwa amenuna tena.

Ulrike alicheka, safari hii ametuelekea. Luc alikuwa anajifuta macho. Akasema ni vumbi. Mahali ambapo tunavaa soksi juu ya viatu ili vumbi lisiingie, Luc peke yake alipata vumbi.

Na wiki iliyopita waliwasha. Luc alipata video, akanitumia. Unaona giza, halafu rangi ya zambarau inajaa pete yote kama pumzi, na pembeni unauona uso wa antena umejikunja sambamba nayo, upenyo wa giza kati yao ukiwa na upana uleule kutoka juu mpaka chini. Kisha giza tena. Walichungulia baadaye: antena haina alama hata moja ya kuungua.

Jana nilimwonyesha Maman Béa kwenye simu, katikati ya ngoma. Aliangalia mpaka mwisho, na mwisho unakuja upesi. "Njo ile tu?" akasema. "Miaka yote ile, ma safari yote ile, njo ile tu?" Nikasema ndiyo, Maman, ndiyo hiyo tu. Akaninyang'anya simu. Akaiangalia tena. Kisha akaanza kuzunguka ukumbi na viatu vyake virefu, meza hadi meza, akimlazimisha kila mtu aache kula atazame. "Ni bwana yangu alifanya hii," alikuwa anasema. "Na huyu mutoto." Sikurudishiwa simu mpaka tunaondoka, na betri ilikuwa imekwisha.

Basi ndiyo hiyo. Mengine ni madogo. Luc amenipa kazi yako, na kiti chako pia, ambacho kinalia kila nikigeuka. Tunapokea kazi ya antena nyingine mwakani, kwa mtambo mwingine. Elia ameanza kujifunza rumba kwa kulazimishwa, shemeji yako amesema hatamwachia. Maman Béa amesema Jumapili za bukari zinaanza upya, na kwamba nije na mdomo wangu wa redio nikamsomee barua za serikali.

Sikufuta namba zako. Ulrike aliniuliza kama nataka zibadilishwe kwenye kumbukumbu za mtambo, nikakataa. Ziko pale na jina lako, zangu zinafuata chini yake na jina langu, na kati yake mstari mmoja unaoeleza kilichotokea: mzigo uliongezwa, pete ilikaa. Wakiifungua tena baada ya miaka kadhaa wataongeza mzigo mwingine, na mtu atatambaa kupitia tundu lile na kupima, na zangu nazo zitakuwa za zamani.

Nakuahidi jambo moja, Tonton. Mtu huyo akija kuniambia tundu halipo tena nilipoliacha, nitamwandalia kiti, nitamsikiliza mpaka amalize, na akiwa sahihi nitafurahi mbele yake, asikie. Hatakaa peke yake juu ya sanduku kwenye korido.

Kwaheri, mzee wangu. Umelala vizuri, tulihakikisha: siku ya mazishi Luc alileta pima-maji mfukoni, tukaiweka pembeni ya kaburi wakati padri anatafuta ukurasa wake. Ni sawa kabisa, kichwani na miguuni.

Mimi binti yako,
Namsifu